Sura ya Arobaini na Moja

Kitabu kilifika Kadutu ndani ya mfuko wa vifungo,
jalada lake limebaki kwa masista wa zamani:
hadithi ya Waingereza, iliyogeuzwa Kifaransa,
nami nikaigeuza tena, kwa mdomo, Kiswahili cha karakana,
kila saa kumi, umeme unapokatika
na cherehani za miguu zinabaki kusema peke yao.

Walikuwa saba. Nabintu alikaa karibu na mlango,
mtoto wa miezi tisa mgongoni,
mtoto ambaye baba yake anauza mbao kule Nguba
na kila Jumapili huimba besi katika kwaya ya parokia.

Nikaanza: Binti wa padri...
Mama Cibalonza akasimamisha gurudumu.
"Padri ana binti?"
Nikamweleza, mapadri wao huoa.
"Haya, endelea. Mambo yameanza mapema."

Binti alimpenda bwana mmoja mwenye farasi wawili.
Bwana akaondoka na farasi wake.
Likabaki tumbo. (Mwandishi hasemi tumbo.
Kurasa sita anasema mawingu, shali, kiti kilichovutwa nyuma,
mpaka mimi mwenyewe nikatamka: ana mimba,
na karakana nzima ikashusha pumzi.)

Hapo wakawa mahakama.
"Walete ng'ombe kwanza, ndipo mazungumzo."
"Kwao hakuna shangazi?"
Yupo, nikasema, ila ameufunga mlango.
"Shangazi gani huyo! Mtoto wa ndugu yake!"
Nabintu alikuwa anapinda ukingo wa sketi,
sindano inapita, inapita.
Sote tulijua shangazi yake anakaa hatua mia kutoka pale,
karibu na bomba la maji,
na hawasalimiani.

Sura ya arobaini na moja niliisoma usiku, peke yangu,
kwa tochi ya simu, mvua ikichimba mlima juu ya paa.
Mwandishi alikuwa amempenda binti yule kurasa mia nne.
Alimpa macho, akampa ucheshi,
akampa mkate wa kuwamegea wengine.
Kisha akamtia homa.
Hivyo tu. Theluji, homa, kitanda cha chuma,
na bwana wa farasi anapiga magoti dakika tatu,
anajuta vizuri,
anaoa mwingine sura inayofuata.
Nikajua: mwandishi aliwaogopa majirani zake
kama sisi tunavyoviogopa viti vya mbele kanisani.
Mizani yake ni ya muuza unga
anayejua pa kuegemeza kidole.

Kesho yake nikafungua palepale
nikasoma yasiyoandikwa.
Homa ikapoa. Binti akaamka, akaomba uji.
Akafungua duka la kofia katika mji wenye treni.
Bwana wa farasi alipopita dirishani
yeye alikuwa anapima kichwa cha mteja,
hakugeuka.
Cibalonza akapiga vigelegele. Wengine wakataka nirudie.
Nilikifunga kitabu upesi, kama mtu anayefunika sufuria tupu,
mimi niliyewafundisha mwaka mzima
wasipunje hata sentimita ya kitambaa.

Jumatatu nilikikuta kimehama kabatini.
Ndani, penye theluji, penye kitanda cha chuma,
uzi mwekundu, umekatwa kwa meno.
Nilikuwa nimesahau kwamba Nabintu alisoma kwa masista
hadi mwaka wa tano, kabla ya tumbo.

Alikuwa mlangoni, mtoto ananyonya.
Nikangoja aniite mwongo.
"Mwalimu," akasema, "yule wa duka la kofia,
feza ya cherehani ya kwanza aliitoa wapi?"
Nikasema sijui.
Akamhamisha mtoto titi la pili.
"Basi tafuta. Saa kumi haiko mbali."